Siku Colm Gilrane Alipofunga Goli

Drumkeelin, Kaunti ya Leitrim
Jumapili, 15 Septemba 1957

Mwanangu Colm,

Barua yako imefika na nimeimaliza kabla chai haijapoa. Wewe huandiki barua, unaandika risiti. Upo mzima, kazi ipo, mvua ipo. Nami nikujibu vivyo hivyo? Haya basi. Ng'ombe mweusi kazaa dume. Viazi vya upande wa juu vimetoka vizuri, vya upande wa bwawa vimeoza. Nyonga yangu ni ileile, kila asubuhi inaniamuru nikae kitako na kila asubuhi naikatalia.

Habari kubwa hapa ni mpira. Watu wamerukwa na akili. Tangu klabu ianzishwe, marehemu baba yako akiwa bado anatambaa, Drumkeelin haijawahi kufika fainali ya kaunti. Sasa imefika, na tunayecheza naye ni Aghanore wa ng'ambo ya mto, hebu fikiria. Dada yangu Kit, ambaye tangu aolewe kule amekuwa mtu wa Aghanore kuliko waliozaliwa kule, alikuja Alhamisi makusudi kunitangazia kwamba tutafungwa. Nilimpa mkate bila siagi.

Balaa ni Phelim McTernan. Mwezi uliopita alikwenda Sligo kutazama soka, ile ya Waingereza, na mtu wa Chama chetu cha michezo ya Kiayalandi alikuwa amesimama getini anaandika majina. Sheria unaijua: ukicheza soka, au hata ukiitazama tu, mpira wetu wa mikono na miguu huuchezi. Kafungiwa miezi sita. Myles Gallogly, katibu wa klabu, anatembea kijijini kama mtu aliyefiwa.

Ungekuwapo ungecheza wewe. Ulikuwa na mbio kumshinda Phelim, hata yeye anakubali. Ni miaka mitatu sasa, Colm. Godoro lako bado naligeuza, na siku za unyevu nakiwekea kitanda chako chupa ya maji moto, jirani wananiona mwendawazimu. Krismasi hii utakuja? Zawadi sitaki. Njoo tu.

Mama yako,
Honor Gilrane


Drumkeelin
18 Septemba 1957

Ndugu yangu Colm,

Usishtuke kuona mwandiko wangu, hakuna aliyekufa. Nakuandikia kama katibu, nimejificha nyuma ya makopo hapa kwenye kiwanda cha maziwa.

Habari za Phelim najua umezipata. Bila yeye mbele hatuna mtu. Tuna vijana wanaokimbia vizuri sana mpaka waone goli, hapo wanakumbuka kwamba wameacha chungu motoni. Sasa nisikilize. Jina lako bado ni letu. Ulipoondoka hukulihamishia klabu yoyote ya Uingereza, kwa hiyo kwa mujibu wa sheria Colm Gilrane anaweza kuvaa jezi ya Drumkeelin kesho asubuhi. Wewe na Phelim mko kimo kimoja. Kile kichwa chake chekundu tutakipaka rangi ya viatu. Mwamuzi anatoka kaunti nyingine, hamjui hata mmoja wenu.

Usinikunjie uso. Hakuna klabu hapa ambayo haijawahi kumchezesha mtu kwa jina la mwenzake. Waliokamatwa ndio wanaoitwa wezi, basi.

Sharti ni moja tu. Usimwambie mtu, na mamako pia usimwambie. Si kwamba simwamini Bi Honor, ila Kit haishi kuingia jikoni mwake, na neno likimfikia Kit mchana, jioni linakula chakula Aghanore. Wakijua wataweka pingamizi kwenye kamati ya kaunti na kikombe kitatutoka.

Baba yangu alikuwa kwenye timu ya kwanza kabisa, unakumbuka alivyokuwa akituchosha na habari zake. Kafa hajaona kikombe. Mimi nataka kukiona, Colm. Nakiri kabisa, nakitaka.

Wako,
Myles Gallogly


Coventry
23 Septemba 1957

Myles, mwizi wa majina,

Lichukue. Huku halina kazi, huku Waayalandi sote tunaitwa Paddy. Mwambie tu Phelim asilirudishe limepasuka.

Ila nami nina la kwangu, na likishaingia kwako lisitoke. Hilo jina litakimbia kuliko mwenyewe. Mwaka juzi nilianguka kutoka jukwaa la ujenzi, mguu wa kulia ukavunjika juu ya goti na chini ya goti, na wakauunga vibaya. Umebaki mfupi. Nikitembea ni kama nashuka ngazi ambazo wenzangu hawazioni. Kuta sijengi tena. Nakaa kibandani nagawa nyundo na misumari, na msimamizi anadhani ananifanyia hisani.

Mama hajui. Anajua niko juu ya kuta. Ndiyo maana siji, Myles, si nauli. Baba aliletwa nyumbani kwa machela kutoka machimboni, na Mama ndiye aliyefungua mlango. Sasa nami niingie getini nachechemea? Kila mwaka najiambia mwakani utakuwa umenyooka.

Basi la kwako simwambii Mama, na la kwangu usimwambie. Shindeni. Kit akila mkate wake mkavu nitafurahi huku.

Colm


Drumkeelin
14 Oktoba 1957

Colm,

Sina mengi. Drumkeelin ilishinda kwa pointi moja, jambo ambalo unalijua vizuri kunishinda mimi niliyekaa na nyonga yangu.

Nafurahi kwamba miguu yako ni mizima.

Watu wananipongeza njiani. Wananikonyeza, wananiambia mwanao hajambo, mama, kafanya kazi. Nami nacheka nao, nifanyeje. Nikifika nyumbani nafunga mlango.

Usihangaike na Krismasi. Nauli ni ghali na njia ya kufika kwangu naona imekuwa ndefu sana kwa watu wengine. Kitanda nimekitandua.

Mama yako


Coventry
20 Oktoba 1957

Mama mpendwa,

Nimekukosea nini? Barua yako nimeisoma mpaka imechakaa, na bado sijui. Kama ni kwa sababu naandika kwa ufupi, basi nimekoma. Kama ni Krismasi, sijasema siji. Nilisema tutaona, na kazi huku iko juu juu, jengo ni refu, siku nzima niko kwenye ukuta na upepo, jioni mikono haishiki kalamu.

Nilifurahi kusikia tumeshinda. Kwa nini umetandua kitanda? Niambie lililo moyoni mwako, Mama, usinifumbie. Nyonga imezidi? Kit amesema kitu?

Mwanao,
Colm


Drumkeelin
27 Oktoba 1957

Ndugu yangu Colm,

Nina furaha na nina balaa. Nianze na furaha, kwa sababu nikianza na balaa sitafika kwenye furaha.

Mvua ilinyesha tangu misa mpaka mwisho wa mchezo. Rangi ya viatu ilimtiririka Phelim shingoni mpaka kwenye jezi, akawa kama mtu aliyetoka kusafisha dohani. Tulikuwa nyuma kwa pointi mbili, dakika zimekwisha, akadaka mpira mbele ya mabeki wawili, akageuka, akaupiga chini kwenye nyavu. Goli, pointi tatu kwa mpigo. Nililia, Colm, sikufichi. Mzee Farrelly alilia. Padri aliniambia ni mvua imemwingia machoni.

Ijumaa gazeti likaandika: "Goli la ushindi lilifungwa na Colm Gilrane, aliyesafiri kutoka Uingereza kwa ajili ya mchezo huo." Hiyo ya kusafiri niliwapa mimi, ili hadithi ikae sawa.

Sasa balaa. Mamako ananunua gazeti. Hakuna hata mmoja wetu aliyelifikiria hilo. Kijiji kizima kinajua ni Phelim, na kila mtu aliona mamako lazima anajua, nani asiyejua mwanawe yuko wapi? Kwa hiyo wakimkuta njiani wanamkonyeza na kumpongeza, utani wa kijiji. Hata mimi. Jumatano nilimpelekea maziwa, akaniuliza, "Myles, Colm alilala wapi usiku ule?" Nikaona anatania, nikidhani kijiji kimekwisha kumwambia. Nikamjibu kwa utani vilevile, "Kwangu darini, Bi Honor, kwenye majani makavu, hakutaka kukuamsha." Ndipo nikamwona uso. Nilitaka kulirudisha lile neno, lakini Kit alikuwa amekaa pale motoni na masikio yake yote mawili.

Anaamini ulikuja, Colm. Anaamini ulikuja ukacheza ukapita mlango wake.

Na Aghanore wameshaweka pingamizi. Wameiona ile rangi ya viatu. Ushahidi hawana, ni neno lao na letu. Kamati itakaa Januari. Nakusihi kama ndugu, subiri mpaka hapo. Usimwandikie, maana barua zako Kit ndiye anayemsomea miwani ikipotea. Na usije. Mtu mmoja wa Aghanore akikuona unashuka kwenye basi na mguu huo, tumekwisha. Ni miezi miwili na ushee tu, halafu mimi mwenyewe nitamweleza kila kitu na tutacheka.

Myles


Coventry
3 Novemba 1957

Mama,

Barua hii isome mwenyewe. Kama miwani imepotea, itafute.

Sikuja. Siku ya fainali nilikuwa hapa Coventry, kibandani, nagawa misumari. Aliyecheza ni Phelim kwa jina langu. Myles aliniomba, nami nikamkubalia kwa mzaha, sikufikiria gazeti, sikukufikiria wewe, na hilo ndilo linalonikosesha usingizi. Maneno ya darini kwa Myles ni utani. Sijakanyaga Ireland tangu siku uliyonifungia mkate kwenye kitambaa cha bluu nikapanda basi.

Na hata ningetaka kucheza nisingeweza. Nilianguka kazini mwaka juzi. Mguu wa kulia ulivunjika na haukuunga vizuri. Nachechemea, Mama. Nilikuficha kwa sababu ya baba. Kuta sijengi, nilikuongopea.

Nisingepita mlango wako. Ningeweza kupita mlango wa kanisa, lakini wako hapana. Usimwambie Kit. Niandikie kwamba umenielewa.

Mwanao,
Colm


Drumkeelin
1 Desemba 1957

Colm,

Barua yako niliisoma nikaiweka, nikaichukua tena. Kwanza hukuja. Halafu aliyecheza ni Phelim. Halafu mguu umevunjika, tena tangu mwaka juzi, na mimi mama yako ndiyo kwanza nasikia. Miaka miwili unaniandikia uko juu ya kuta, na wiki mbili tu kabla ya barua hii ulikuwa ukutani na upepo, nimeirudia nikaiona. Leo umebanwa, hujapanda ukuta wowote. Ukitaka kuniongopea niongopee, lakini usijivunje mguu kwa kalamu yako mwenyewe. Mungu anasikia.

Kit naye anasema ni Phelim. Aghanore nzima inasema ni Phelim, na waseme nini, wamefungwa. Nilimwambia akilirudia neno hilo chini ya paa langu atatoka hata mvua ikinyesha. Lakini usingizi haukuja. Jana nikamwita Myles, nikamkalisha pale alipokuwa akikaa baba yako. Nikamwambia, "Nijibu kama unavyomjibu padri. Mwanangu alikuwa uwanjani siku ile?" Alizungusha kofia mikononi. Kisha akasema, "Alikuwepo, Bi Honor."

Basi. Nilikuwa na hasira, na hasira imeniisha, nimebaki na hii nyingine ambayo sijui niiteje. Nawaza labda una mke kule usiyetaka nimjue. Labda ulikuwa na haraka ya meli. Labda ulifika mpaka darajani ukaona taa yangu ukarudi. Sikuulizi. Nakuambia hivi tu: ukija tena, si lazima uingie. Si lazima useme neno. Pita barabarani mchana, mimi nipo dirishani, nikuone tu unavyotembea. Inanitosha.

Mama yako


Coventry
6 Desemba 1957

Myles,

Mama amenihadithia. Ulikalishwa kwenye kiti cha baba yangu ukaulizwa swali moja, na jibu lake lilikuwa neno moja, na ukatoa lile lisilo la kweli. Nilimwandikia ukweli wote, hata wa mguu, na sasa kwa sababu yako mimi ni mwongo niliyejivunja mguu kwa kalamu. Hayo ni maneno yake.

Tiketi ya meli ninayo. Ninakuja Krismasi, nitashuka kwenye basi mbele ya kila mtu, na Aghanore wachukue kikombe chao wakanywee chai.

Colm


Drumkeelin
13 Desemba 1957

Colm,

Una haki ya kunitukana na sikuzuii. Ila jua kwamba Kit alikuwa chumba cha ndani, mlango wazi, nilimsikia akikohoa. Ningesema "hapana" siku ileile ingekuwa kwenye meza ya kamati. Sikujua kama ulikuwa umemwandikia. Ungeniambia.

Kamati inakaa tarehe 12 Januari. Kijiji hiki kimefungasha vijana wake kwenye meli mwaka baada ya mwaka, wewe ukiwa mmoja wao, na kitu pekee tulichowahi kupata ni hiki kikombe. Kiko dirishani dukani kwa Farrelly, watu wanakuja kukitazama kabla ya kununua sukari. Nenda ukawaondoe pale dirishani mwenyewe kama unaweza. Mimi siwezi.

Nakuomba siku hizo chache. Jioni ya tarehe 12, kamati ikimaliza, nitakwenda kwa mamako kabla sijala, nitapiga magoti jikoni mwake na nitamwambia. Tarehe 13 shuka kwenye basi. Nitakuja kukupokea mwenyewe.

Myles


Coventry
17 Desemba 1957

Mama,

Krismasi sitaweza. Tarehe 13 Januari nakuja, kwa hakika, tiketi nimebadilisha. Sitapita barabarani. Nitaingia, nitakaa, na utauona huu mguu kwa macho yako, kisha utanitukana unavyotaka. Nisubiri.

Colm


SIMU YA MAANDISHI
7 Januari 1958

MAMAKO AMEFARIKI ASUBUHI MOYO. MAZISHI TUNAKUNGOJA. NJOO. MYLES


Coventry
2 Februari 1958

Myles,

Nakuandikia kwa sababu pale makaburini sikukujibu, na sitaki udhani sikukusikia. Nilisikia kila neno.

Kitanda changu nilikikuta kimetandikwa. Kit anasema Mama alikitandika siku barua yangu ya mwisho ilipofika, na kwamba alikataa kusaidiwa. Kit ndiye aliyenipikia chai, ndiye aliyenionyesha nguo alizochagua kumvisha dada yake, na hakuniuliza hata mara moja kuhusu mpira. Tumemsema sana Kit.

Wewe ulikuwa nyuma, hukuona kilichotokea mbele. Tulipotoka kanisani na jeneza begani, wa Drumkeelin walikuwa wamejipanga upande mmoja wa barabara, na wa Aghanore upande wa pili, timu nzima. Nahodha wao, yule mrefu, alikuja akaingia chini ya jeneza mbele yangu bila kuambiwa, kwa sababu aliona nayumba. Aliona kwa nini nayumba. Wote waliona. Walinitazama mguu, wakanitazama usoni, wakavua kofia. Watu ishirini na zaidi wa Aghanore walipata ushahidi wao wote pale barabarani kwenye matope.

Na Jumapili ile, ulipofika mbele ya kamati umejiandaa kuapa, ukakuta pingamizi limeondolewa. Uliniambia kama habari njema. Waliliondoa kwa sababu mtu alikuwa amefiwa na mama yake, Myles. Wasingelishikilia hata Krismasi kama mmoja wetu angewaendea na kuwaambia kuna mama mzee anaumia. Walikuwa watu tu. Hatukuwahi kujaribu.

Kikombe ni chenu. Usiniandikie.

Colm Gilrane


Drumkeelin
4 Machi 1984

Colm,

Uliniambia nisikuandikie na nimekutii mpaka nimezeeka. Anwani nimepewa na binti wa Kit.

Klabu inakwisha. Shule ya hapa imebaki na watoto wasiojaza benchi mbili, na mwaka huu hatukuweza kutoa wachezaji kumi na tano hata tukihesabu wenye mvi. Aghanore nao hali ni hiyohiyo. Wakati wa kiangazi tunaungana nao, timu moja, jina jipya, jezi mpya. Wangemwambia baba yangu hilo angeng'ata meza. Kabla jina la Drumkeelin halijafutika, kamati imeamua kutoa kitabu cha historia ya klabu, na kazi wamenitwisha mimi kwa kuwa ndiye niliyebaki ninayekumbuka.

Ipo picha ya timu ya 1957. Phelim yuko mstari wa mbele, rangi ya viatu imemtiririka mpaka kidevuni, na chini yake pameandikwa jina lako. Phelim alifariki Novemba. Mkewe, Attracta, alikuja akaniomba kwa heshima zote kwamba wajukuu waone jina la babu yao chini ya uso wa babu yao. Kikombe hakuna wa kukidai tena. Lakini jina ni lako, na mara ile nililitumia vibaya. Nakuuliza wewe kwanza.

Myles Gallogly


Coventry
19 Machi 1984

Myles,

Phelim apewe jina lake. Goli alifunga yeye, na shingo iliyochafuka ilikuwa yake.

Lakini najua kitabu kitakavyoandikwa. Mtasema Phelim alicheza kwa jina la mtu aliyekuwa Uingereza, mtaandika habari za rangi ya viatu na mvua, na watu watacheka. Itakuwa hadithi ya kusimuliana baa. Sitaki wacheke halafu wafunge kitabu. Andika na yaliyompata mama yangu. Andika alimuuliza nani na akajibiwa nini. Yeye hakuwahi kugusa mpira, hakuwahi hata kufika uwanjani kwa ile nyonga yake, lakini ukiniuliza mimi historia ya klabu ile, ni yeye.

Kama kamati haitaki, basi acheni jina langu palepale lilipo, na Attracta anisamehe.

Colm


Drumkeelin
30 Aprili 1984

Colm,

Kile kipande ulichotaka nilikisoma mbele ya kamati, ya pamoja sasa, wao watano na sisi watano. Wazee wa Aghanore walicheka kwenye rangi ya viatu, kama ulivyosema watacheka, halafu nikaendelea kusoma wakaacha. Mwenyekiti wetu alisema mambo ya nyumbani kwa watu hayafai kuwekwa kwenye kitabu cha mpira. Nikamwambia basi atafute mtu mwingine wa kuandika, na anirudishie karatasi zangu. Yule nahodha wao wa zamani, yule mrefu, sasa kapinda mgongo, alisema kitabu bila ukurasa huo yeye hakinunui. Ikaisha hivyo.

Baada ya habari za rangi ya viatu, kimeandikwa hivi:

"Goli la ushindi mwaka 1957 lilifungwa na Phelim McTernan, aliyekuwa amefungiwa, akicheza kwa jina la Colm Gilrane. Colm alikuwa Coventry na mguu wake ulikuwa umevunjika. Hakuja nyumbani siku ile na hakupita mlango wa mama yake. Mama yake, Honor Gilrane, alisoma gazetini kwamba alikuja. Alimuuliza katibu wa klabu kama ni kweli, na katibu akamwambia ni kweli, ingawa alijua sivyo. Honor alifariki tarehe 7 Januari 1958 akiamini hivyo. Klabu ilibaki na kikombe."

Mpiga chapa alinipigia simu jana kuuliza kama pale penye "katibu" tuache hivyohivyo au tuweke jina. Nimemwambia aliweke.

Myles Gallogly